Tshibumba Kanda-Matulu: Mchoraji wa Vita na Kiswahili Chake

Wahakiki wengi wa Tshibumba Kanda-Matulu wamemtazama, wachache wamemsikiliza. Mchoraji huyu alizaliwa mwaka 1947 mjini Elisabethville, ambao leo ni Lubumbashi, na habari zake zilikatika mwanzoni mwa miaka ya 1980, asijulikane alikoishia. Alichora sura za watu na mapigano ya nchi yake juu ya kitambaa cha magunia ya unga, akaziuza kwa wafanyakazi na makarani wa mjini, waliozitundika ukutani majumbani mwao.

Wenyewe waliziita picha hizo ukumbusho, na istilahi hiyo yafaa ichunguzwe. Neno hili limenyambuliwa kutokana na kitenzi kumbusha, si kumbuka. Kwa hiyo picha si ghala la mambo yaliyopita. Ni kitu kinachomfanya mtazamaji akumbuke, na akishakumbuka, aseme. Bila usemi huo ukumbusho haujakamilika. Hapo ndipo uhakiki wa rangi na mistari pekee unapopwaya.

Kazi yake kubwa ilifanyika mwaka 1973 na 1974, alipokutana na mwanaanthropolojia Johannes Fabian, aliyekuwa akifundisha chuo kikuu mjini Lubumbashi. Tshibumba, ambaye alijiona kuwa mwanahistoria, alimchorea mfululizo wa picha zipatazo mia moja, kuanzia enzi za mababu hadi siku zijazo, na kuzieleza kwa Kiswahili mbele ya kinasa sauti. Ni haki kuuliza kama mfululizo huo ungekuwapo bila mnunuzi huyo, kwani karani hakununua historia nzima. Alinunua picha moja au mbili. Hata hivyo, mnunuzi alitoa nafasi tu. Mpango wa masimulizi ulikuwa wa mchoraji.

Ubora wake unadhihirika katika picha ya kifo cha Patrice Lumumba, Maurice Mpolo na Joseph Okito, waliouawa Katanga tarehe 17 Januari 1961. Tshibumba alikuwa bado mtoto. Maiti tatu zimelala. Nyuma yake imesimama misalaba mitatu, na juu kuna nyota sita. Damu inayotoka ubavuni mwa Lumumba inaandika ardhini neno la Kifaransa lenye maana ya umoja. Jazanda ya Golgotha haihitaji kufafanuliwa kwa msomaji wa Kongo. Nyota ndizo zenye uzito zaidi. Bendera ya uhuru ya mwaka 1960 ilikuwa na nyota ndogo sita kwa majimbo sita, na Katanga, iliyojitenga tarehe 11 Julai mwaka huohuo chini ya Moise Tshombe, ilikuwa mojawapo. Mwana wa Elisabethville anaihesabu Katanga ndani ya umoja katika picha ileile inayoonyesha umoja huo ukichinjwa nyumbani kwake. Mobutu alikwisha kumtangaza Lumumba shujaa wa taifa mwaka 1966. Kuchora uso wake hakukuwa kosa. Kuuliza nani alimuua lilikuwa jambo jingine.

Kama mchoraji wa sura, Tshibumba ana upungufu. Lumumba hutambulika kwa miwani, ndevu na mstari wa nywele. Ukiviondoa, uso huo waweza kuwa wa mtu yeyote. Lakini sura kwake ni njia ya kutaja mhusika. Katika picha ya mgomo wa wachimba migodi wa Union Minière wa Desemba 1941, gavana Maron mwenyewe ndiye anayempiga risasi kiongozi wa mgomo, Léonard Mpoyi, kama masimulizi ya mjini yasemavyo. Mauaji yale, ambayo yangeweza kuandikwa kuwa kazi ya askari wasio na majina, hapa yana muuaji mwenye uso.

Maneno yaliyoandikwa juu ya picha ni ya Kifaransa, lugha ya shule na serikali. Masimulizi ni ya Kiswahili cha Shaba. Kitabu cha Fabian cha mwaka 1996 kilizichapisha picha hizo pamoja na masimulizi kwa tafsiri ya Kiingereza. Matini ya Kiswahili yalitolewa baadaye, mbali na kitabu, na wahakiki wa sanaa hawakuyafuata. Hasara yake ni kubwa. Katika tafsiri, msemaji anayesema "batu" badala ya "watu", na anayetumia "njo" ili kukazia jambo, huwa msomi mtulivu asiye na kwao.

Kwa upande wao, walimu wa Kiswahili wana lawama yao. Matini kama haya hutolewa darasani, kama yanatolewa kabisa, ili makosa yake ya upatanisho wa kisarufi yahesabiwe. Mwanafunzi aliyekulia Bweremana, kwenye barabara ya Sake na Minova ambako wakimbizi wa vita wamepita mara nyingi na mizigo yao, huyaelewa kuliko mwenzake wa Unguja, maana Kiswahili cha Kivu ni ndugu wa kile cha Shaba. Huyo ndiye mhakiki ambaye Tshibumba bado hajampata. Picha zenyewe zilihifadhiwa Amsterdam, mbali na mwanafunzi huyo. Maneno yake yanasomeka popote.