Umbo la Thamani Tarajiwa, Likisomwa Mgodini

Jedwali la uwezekano lina safu mbili tu. Ya kwanza hutaja matokeo, ya pili hutaja uwezekano wa kila tokeo, na uwezekano wote ukijumlishwa sharti ufike 1. Zidisha kila jozi, jumlisha majibu, umepata thamani tarajiwa. Christiaan Huygens wa Uholanzi alieleza wazo hili mwaka 1657 katika kitabu cha michezo ya bahati. Umbo fupi hivi lastahili kusomwa polepole, hasa pale ambapo bahati ndiyo riziki: kwenye koltani ya Rubaya, Masisi, mashariki mwa Kongo, na hapo awali kwenye kasiteriti (madini ya bati) ya Bisie, Walikale.

Tubuni mfano wa mchimbaji na mapato yake ya wiki moja:

Dola 0: 0.60
Dola 20: 0.30
Dola 100: 0.08
Dola 500: 0.02

Kuzidisha kunatoa 0, 6, 8 na 10. Jumla ni dola 24.

Namba 24 haimo katika safu ya matokeo. Hakuna wiki itakayoilipa. Mstari wa mwisho, ulio adimu kuliko yote, umechangia 10 kati ya 24. Mstari wa kwanza, ambao ndio sehemu kubwa ya maisha ya mchimbaji, umezidishwa kwa sifuri na haukuacha alama yoyote katika jumla.

Tena kujumlisha hakujali kipi kimetangulia. Tumbo linajali. Ikiwa wiki hazitegemeani, uwezekano wa kukosa wiki 4 mfululizo ni karibu 0.13, yaani wachimbaji 13 hivi katika 100. Wakati huo wote mtu anakula kwa deni la PDG, kama wanavyomwita mkuu wa shimo. Anaweza kushindwa na deni na kuondoka kabla ya mstari wa dola 500 kumfikia. PDG mwenye mashimo mengi huvuna mistari yote kwa pamoja, na kwake 24 ni hesabu ya kutegemewa. Fomula haikusema uongo. Imemwambia ukweli mwenye uwezo wa kurudia mara nyingi. Kwa mwenye shimo moja, kipimo cha mtawanyiko kina maana zaidi: mkengeuko sanifu hapa ni karibu dola 73, mara tatu ya wastani.

Kisha kuna shimo kuporomoka. Safu ya kwanza inadai dola, na kifo hakina dola. Tukiandika 0, aliyefukiwa atalingana na aliyerudi nyumbani mikono mitupu. Kwa hiyo anayetangaza wastani wa mapato ya mgodi aonyeshe jedwali zima, aseme ni nani anayeweza kungoja, na hatari ya kufa aiandike kwa maneno, nje ya jumla, mahali ambapo hakuna kuzidisha kutakakoifuta.