Kupima Ubora wa Albamu za Jazi za Wapiga Piano na Waimbaji Wasiovuma

Methali isemayo kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza ina ukweli katika mambo mengi, lakini katika soko la santuri za jazi imeshindwa mara kwa mara, kwa kuwa umaarufu wa mwanamuziki hutegemea pia mkataba aliotia saini, mji alioishi, afya yake na nguvu za kampuni iliyouza kazi yake. Anayetaka kuzitambua albamu bora za wapiga piano na waimbaji ambao majina yao hayakuvuma hana budi kuwa na vigezo vyake, vinavyotokana na kile anachokisikia. Kati ya vigezo hivyo, kilicho kikuu ni namna mwanamuziki anavyoutumia muda: wapi anaiweka sauti, wapi anaichelewesha, na wapi ananyamaza.

Neno jazi lenyewe lahitaji ufafanuzi, kwa sababu bendi za Tanzania kama Tabora Jazz na Morogoro Jazz zilijiita hivyo ingawa zilipiga muziki wa dansi wa magitaa ulio karibu na rumba. Jazi inayozungumziwa hapa ni muziki uliochipuka miongoni mwa Wamarekani weusi wa New Orleans mwanzoni mwa karne ya 20, ambao nguzo zake ni mbili: swingi, yaani mdundo unaobembea badala ya kwenda kwa hesabu kavu, na ubunifu wa papo hapo, yaani mpigaji kutunga mahadhi mapya akiwa anapiga, huku akiufuata mpangilio wa hamonia, au sauti zinazolia kwa pamoja, wa wimbo uliokwisha kutungwa.

Muda na mapigo

Jambo la kwanza la kuchunguza ni uhusiano wa mwanamuziki na pigo, ile hesabu ya kudumu ambayo msikilizaji huifuata kwa kugonga mguu. Mwimbaji wa kawaida huliangukia pigo moja kwa moja, ilhali mwimbaji mahiri hulitangulia au hubaki nyuma yake kwa makusudi, kisha hurejea mahali panapostahili bila kuuharibia wimbo mwendo wake. Albamu ya Jimmy Scott iitwayo Falling in Love Is Wonderful, iliyorekodiwa mwaka 1962 huku Ray Charles akipiga piano, ni somo kamili la jambo hili: Scott huyachelewesha maneno kiasi cha kumtia msikilizaji hofu kwamba mstari hautakamilika kabla hamonia haijabadilika, lakini hukamilika, na ucheleweshaji huo ndio unaobeba huzuni ya wimbo. Albamu hiyo iliondolewa sokoni muda mfupi baada ya kutoka, kwa sababu ya mgogoro wa mkataba, ikakaa takriban miaka 40 kabla ya kutolewa tena, na kisa hicho kinatosha kuonyesha kwamba ukimya wa soko si hukumu juu ya ubora.

Shirley Horn wa Washington, aliyejipigia piano huku akiimba, alijiwekea mtihani mgumu zaidi, kwani wimbo unaokwenda polepole mno huacha nafasi kubwa kati ya pigo na pigo, na udhaifu wowote hudhihirika humo. Katika Embers and Ashes, iliyorekodiwa mwaka 1960, nafasi hizo hazijazwi mapambo, bali kila nota ya piano hungoja neno limalizike ndipo iingie. Mpiga tarumbeta Miles Davis alivutiwa na albamu hiyo hata akamwalika Horn New York, lakini umma mpana haukumfahamu vyema hadi mwishoni mwa miaka ya 1980.

Mguso wa kidole

Piano ni chombo cha nyundo na nyuzi: nyundo ikishaugonga uzi, mpigaji hawezi tena kuigeuza sauti ile, isipokuwa kuiacha ififie au kuikatisha. Kwa hiyo ustadi wake wote umo katika mguso, yaani nguvu na kasi ya kidole wakati wa kubonyeza. Katika mfululizo wa haraka msikilizaji achunguze kama nota zina uzito tofauti, kama silabi zilivyo katika usemi wa mtu mfasaha, au kama zote zinalia sawasawa kama mashine ya kuchapa, kwa maana kasi isiyo na lafudhi ni zoezi tu.

Phineas Newborn Jr. wa Memphis, ambaye mkono wake wa kushoto ulikuwa na wepesi sawa na wa kulia, anaonyesha kasi iliyo na maana. Santuri yake A World of Piano!, ya mwaka 1961, ina faida ya pekee kwa anayejifunza, kwa sababu upande mmoja anasindikizwa na Paul Chambers kwenye besi na Philly Joe Jones kwenye dramu, na upande wa pili na Sam Jones na Louis Hayes, hivyo inawezekana kusikia jinsi mpigaji yuleyule anavyobadilika kulingana na wenzake. Jutta Hipp, mzaliwa wa Leipzig aliyehamia New York mwaka 1955, ni mfano wa uchache: rekodi zake za mwaka 1956 katika ukumbi wa Hickory House zina mahadhi mafupi, yenye mwanzo na mwisho ulio wazi. Baadaye aliuacha muziki akafanya kazi katika kiwanda cha nguo, na santuri hizo zikabaki kuwa ushahidi wake mkuu.

Utunzi na ubora wa rekodi

Mpiga piano anayetunga hupimwa pia kwa kiasi ambacho mtindo wake wa kupiga na tungo zake vinahitajiana. Herbie Nichols alirekodi tungo zake mwaka 1955 na 1956 kwa kampuni ya Blue Note, akiwa na Art Blakey au Max Roach kwenye dramu, na tungo hizo zinaipa dramu nafasi ya kujibu mahadhi ya piano badala ya kuhesabu tu. Nichols ndiye aliyetunga muziki wa Lady Sings the Blues, ambao mwimbaji Billie Holiday aliutia maneno, lakini mara nyingi alijipatia riziki kwa kupiga mitindo ya kizamani ambayo haikuwa yake, akafariki mwaka 1963 akiwa na umri wa miaka 44. Rekodi zake zilifanywa na fundi wa sauti Rudy Van Gelder katika sebule ya wazazi wa fundi huyo huko Hackensack, na piano humo inasikika kana kwamba imebanwa kidogo, hivyo msikilizaji atofautishe kasoro ya chumba na kasoro ya mpigaji.

Masikilizano ya sauti na piano

Kipimo kikali kuliko vyote ni albamu ya mwimbaji na mpiga piano wawili tu, kwa sababu bila besi na dramu hakuna anayeficha kosa la mwenzake. Katika The Newest Sound Around, ya mwaka 1962, Ran Blake anaweka hamonia zisizotarajiwa chini ya sauti ya Jeanne Lee, naye Lee haachi nota yake wala hasukumwi. Katika Where Is Love?, ya mwaka 1975, Irene Kral anayatamka maneno karibu kama anayezungumza, na Alan Broadbent anajibu pale tu pumzi yake inapokoma. Palipo na masikilizano ya namna hiyo, piano haimfuati mwimbaji kama kivuli, wala mwimbaji haitumii kama kiti cha kuegemea.

Inafaa kila albamu isikilizwe angalau mara tatu: kwanza kwa kuufuata mkono wa kushoto wa mpiga piano peke yake, pili kwa kuyafuata maneno au mahadhi makuu, na tatu kwa kuzingatia nafasi za kimya. Ikiwa katika usikilizaji wa tatu kimya hicho bado kina maana, albamu hiyo ni bora, hata kama nakala zilizouzwa zilikuwa chache na jina lililo kwenye jalada halijulikani na mtu yeyote.