Kupima Hadithi ya Upelelezi kwa Jicho la Ufipa

Anayemtafutia kijana hadithi za upelelezi hapa Sumbawanga, Ufipa, aangalie kwanza mwandishi anautendea nini uchawi. Mji wetu umesemwa sana kuhusu uchawi na watu wasioujua. Kijana wa Ufipa anastahili kitabu kinachomzoesha kuhoji uvumi.

Kwa kipimo hicho sijaona wa kumpita Muhammed Said Abdulla wa Makunduchi. Mzimu wa Watu wa Kale, kilichoshinda mashindano ya East African Literature Bureau ya 1957–58 na kuchapishwa 1960, kinailaza maiti ya Bwana Ali kwenye mzimu wanaouogopa watu. Abdulla anaiacha hofu ikue, kisha anamleta mpelelezi wake, Bwana Msa, na kiko chake, anayeuliza na kuchunguza mpaka muuaji anaonekana ni binadamu mwenye sababu za kibinadamu. Kisima cha Giningi cha 1968 kimebeba jina la mahali ambapo Wazanzibari husimulia kuwa wachawi hukutana. Huko nako akili ndiyo inayofumbua fumbo.

Kipimo cha pili ni haki kwa msomaji. Dalili iwekwe wazi mapema, ila ipite kama jambo la kawaida. Tuseme mtuhumiwa anadai amepanda leo kutoka bonde la Ziwa Rukwa, na sura ya pili imetaja, katikati ya maongezi mengine, migebuka wakavu kapuni mwake. Migebuka ni samaki wa Ziwa Tanganyika, Rukwa hawamo. Kijana anayetumwa sokoni na mama yake ana kila anachohitaji kumnasa mwongo huyo kabla ya mpelelezi. Dalili ya namna hiyo ni dhahabu, kwa kuwa imetoka katika maisha ya mahali. Hadithi inayojimaliza kwa barua ya kukiri iliyozuka tu, au kwa pacha ambaye hakuwahi kutajwa, irudishe kwa muuzaji.

Kisha soma kitabu cha tatu cha mfululizo, maana hapo ndipo mwandishi aliyeishiwa huumbuka. Mpelelezi Nancy Drew, aliyeanza Marekani 1930, aliandikwa na watu kadhaa chini ya jina moja la Carolyn Keene. Bwana Msa ametoka kwenye kalamu moja, na Kiswahili chake cha Unguja, kilichojaa utani na mafumbo, unakitambua kwa ukurasa mmoja tu.

Wapo wapelelezi wengine wa Kiswahili. Willy Gamba wa Elvis Musiba, tangu Kufa na Kupona cha 1974, hushinda kwa bastola na ujasiri zaidi kuliko kwa kupambanua. Hata hivyo aliwafanya vijana wengi waione vita ya ukombozi wa Kusini mwa Afrika kuwa yao, na hilo si dogo. Joram Kiango wa Ben Mtobwa ana kasi inayokunyima usingizi. Nawapenda wote wawili, lakini kwa mtoto wa miaka 12 ningeanza na Msa. Mapenzi na damu za wenzake zinaweza kungoja kidato cha tatu.