Kumpima Fundi kwa Gari Kuukuu Lililogoma Kuwaka

Ubora wa fundi aliyeitwa kulitazama gari kuukuu lililogoma kuwaka haupimwi kwa wepesi wa kuliwasha, kwa kuwa gari la gia za mkono likisukumwa kwenye mteremko, na miteremko Karagwe haina uhaba, mara nyingi huwaka ilhali ugonjwa wake haujaguswa. Ubora huo hupimwa kwa mpangilio wa uchunguzi, yaani yale anayoyathibitisha na yale anayoyaondoa katika hesabu kabla hajalegeza nati hata moja. Magari yanayokusudiwa hapa ni yale ya kabla ya zama za injini zinazoongozwa na kompyuta, Land Rover, Land Cruiser na pikapu za Toyota, ambayo huko Kihanga na katika vijiji vingine vya Karagwe na Kyerwa bado yanafaa kwa kubeba kahawa, ndizi na maharage. Injini ya gari la namna hiyo hudai mambo machache tu: izungushwe kwa kasi ya kutosha, ipate mafuta, igandamize hewa ipasavyo na, ikiwa ni ya petroli, ipate cheche kwa wakati wake. Fundi anayestahili jina hilo hutafuta kwanza ni lipi kati ya hayo limekosekana, ndipo atafute kifaa kilicholikosesha.

Kwa hiyo huanza kwa kusikiliza. Ufunguo unapozungushwa na usisikike ila mlio mmoja wa "ta", tatizo liko katika njia ya umeme wa stata; stata ikizunguka kwa uvivu, shaka huangukia betri na nyaya zake nene; ikizunguka kwa nguvu lakini injini isishike, betri na stata hazina hatia, na anayezifungua hata hivyo amekwisha kujieleza. Wengine huwasha taa kubwa na kuzitazama wakati ufunguo ukizungushwa: zikififia kabisa, umeme ni haba au umekwama kwenye maungio, zikibaki na mwanga wake ule ule huku stata ikiwa kimya, umeme haufiki kwenye stata au stata yenyewe imekufa. Jaribio hilo halina gharama, na kuliruka ni dalili mbaya.

Penye stata vivu ndipo fundi mzuri na fundi wa kubahatisha wanapoachana. Wa kubahatisha hutamka kwamba betri imekufa, na mwenye gari hununua mpya, ambayo kwa siku kadhaa huficha kasoro kwa sababu ya upya wake. Mzuri huipima betri kwanza ikiwa imetulia, akitarajia volti zipatazo 12.6 ikiwa imejaa, kisha huipima tena stata inapovuta, kwa kuwa betri iliyochoka huweza kuonyesha volti nzuri ikiwa haina kazi na kuporomoka chini ya 9.6 inapobebeshwa mzigo. Ikistahimili mzigo, huhamia kwenye waya wa ethi, ule mnene unaounganisha ncha hasi ya betri na chuma cha gari na injini. Hushikiza waya mmoja wa mita kwenye ncha hasi na wa pili kwenye chuma kitupu cha injini, huku stata ikivuta. Mita ikionyesha zaidi ya nusu volti, umeme unapotea njiani. Stata huweza kuvuta ampea 200, na kwa mkondo mkubwa kiasi hicho ukinzani wa omu 0.01 tu, usioonekana kwa macho, humeza volti 2 nzima. Mara nyingi kinachomeza ni tabaka la kutu, rangi au vumbi jekundu la barabara za changarawe lililoganda chini ya kichwa cha bolti. Tiba yake ni kipande cha msasa, spana na grisi kidogo ya kuzuia unyevu, na bili yake ni ndogo mno kiasi kwamba baadhi ya gereji hazipendi kuigundua.

Kuhusu desturi ya kuigonga stata kwa spana, haifai kudharauliwa. Ikizunguka baada ya kugongwa, imejitaja yenyewe: brashi zake, vipande vya kaboni vinavyopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka, mara nyingi zimekwisha au zimekwama. Kosa huanza pale kipigo kinapofanywa matengenezo.

Katika injini ya petroli inayozunguka vizuri bila kushika, cheche hukaguliwa kabla ya kabureta, kwani ni rahisi kuiona. Plagi iliyotolewa ikiwa kavu huonyesha kwamba mafuta hayafiki. Ikiwa imelowa petroli, mafuta yapo na cheche ndiyo haipo au ni dhaifu. Msimu wa mvua fundi makini hufungua kifuniko cha distributa, kifaa kinachogawa cheche kwa silinda, na kukikausha kabla ya kufikiria koili mpya. Masizi meusi kwenye plagi nayo yahukumiwe kwa kuzingatia mahali: kwenye mwinuko wa mita zipatazo 1,500 hewa ni pungufu kwa zaidi ya asilimia 10, hivyo kabureta iliyorekebishwa pwani huzidisha mafuta ingawa haina ubovu wowote.

Dizeli hudai subira zaidi. Injini za zamani kama 1HZ ya Land Cruiser huhitaji plagi za joto, vijiti vinavyopasha chumba cha mwako asubuhi za baridi, na kila kimoja hupimwa peke yake, kwa sababu viwili vikifa kati ya sita gari bado huwaka, ila kwa moshi na kusitasita. Anayemwaga petroli kwenye njia ya hewa ili kuilazimisha iwake anahatarisha pistoni za mwenzake, na hapo uchunguzi wa sifa zake unaweza kukomea.

Kasoro inayompima fundi kwa kina ni hewa inayopenya kwenye bomba la dizeli kupitia ufa usiovujisha tone lolote. Gari likizimwa, mafuta hurudi taratibu kwenye tangi, na asubuhi pampu hukuta bomba limejaa upepo. Kuutoa kwa pampu ya mkono huliwasha gari mara moja, na wengi hudai malipo papo hapo. Fundi mahiri hufunga kipande cha bomba la plastiki angavu kabla ya pampu ili mapovu yaonekane, hubadilisha mpira au kibano kinachoyapitisha, kisha huomba gari lilale kwake likielekezwa kichwa mlimani, mkao unaolazimisha mafuta kurudi nyuma upesi zaidi, na malipo huyadai asubuhi, likiwaka kwa ufunguo wa kwanza.