Maghorofa ya Arlington Yalipangwa na Handaki

Washington ni jiji kubwa lisilo na maghorofa marefu. Sheria iliyopitishwa na Bunge la Marekani mwaka 1910 hupima urefu wa jengo kwa upana wa barabara iliyo mbele yake, na kwenye mitaa mingi ya biashara jengo halivuki futi 130, yaani takriban mita 40. Ng'ambo ya Mto Potomac, katika Kaunti ya Arlington, jimbo la Virginia, sheria hiyo haina nguvu, na huko Rosslyn jengo la 1812 North Moore lililokamilika mwaka 2013 lina ghorofa 35. Wengi huishia hapo: jiji limezuia urefu, basi urefu umehamia viungani. Mimi naona maelezo hayo ni nusu tu. Yanatuambia wateja wa ofisi walitoka wapi, lakini hayatuambii kwa nini maghorofa yalijipanga kwenye ukanda mmoja mwembamba, wala kwa nini wakazi wake wengi hawalazimiki kutumia gari kila siku. Majibu ya maswali hayo yamo katika uamuzi wa njia ya reli.

Reli ya Metro ya eneo la Washington ilipokuwa ikipangwa katika miaka ya 1960, njia nafuu ilikuwa kuipitisha katikati ya barabara kuu ya I-66. Viongozi wa Arlington walikataa. Walishikilia ichimbiwe handaki kando ya Wilson Boulevard, mtaa wa maduka ya zamani uliokuwa ukipoteza wateja. Hoja yao ilikuwa nzito: kituo kilicho katikati ya barabara kuu huzungukwa na lami, na abiria akitoka anakuta magari yanayokwenda kasi badala ya mlango wa duka. Treni ilifika Ballston Desemba 1979, na kati ya hapo na Rosslyn, mwendo wa takriban kilomita 5, vikawapo vituo vitano. Kaunti ikapanga urefu kwa kuvifuata: majengo marefu kabisa yawe juu ya kituo, kisha yapungue hatua kwa hatua hadi kwenye nyumba za zamani zenye bustani, umbali wa mita 400 hivi. Ufundi wenyewe ulikuwa kwenye vibali. Kanuni za kawaida ziliachwa ziruhusu majengo ya wastani tu. Mwenye kiwanja aliyetaka ghorofa zaidi ilimbidi aombe, na katika mazungumzo atoe kitu: njia pana ya waenda kwa miguu, maduka ghorofa ya chini, nyaya za umeme zifukiwe, au mchango kwa nyumba za bei nafuu.

Rosslyn yenyewe inaonyesha kwamba urefu peke yake hautoshi. Maghorofa yake ya kwanza yalijengwa miaka ya 1960, kabla ya treni, na waenda kwa miguu wakapandishwa kwenye madaraja yaliyounganisha jengo na jengo huku barabara ikiachiwa magari. Matokeo yake, chini pakapooza, na kaunti imetumia miaka mingi kuyaondoa madaraja hayo na kuwarudisha watu barabarani.

Kuna watakaosema Arlington ilibahatika tu kuwa jirani na jiji lenye sheria kali. Lakini Tysons, katika Kaunti ya Fairfax, ilinufaika na soko hilohilo, na leo ina jengo la Capital One lenye mita 143. Ofisi zake zilikua kwa kutegemea barabara kuu, na treni haikufika hadi 2014. Pendekezo la handaki liliwekwa kando kwa hofu ya kukosa fedha za serikali kuu, kwa hiyo sehemu kubwa ya reli imepita juu ya nguzo, sambamba na barabara pana ambazo kuzivuka kwa miguu ni kazi. Soko lilikuwa lilelile, sheria ya Washington ni ileile. Kilichotofautiana ni reli na mahali ilipowekwa.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi, nalo ni bei. Huko Clarendon, penye mojawapo ya vituo vile vitano, wakati wa vurugu za uchimbaji kodi zilishuka na wakimbizi wa Vietnam waliofika baada ya 1975 wakafungua maduka na migahawa. Treni ilipoanza na kodi kupanda, wengi walihama, na biashara za Kivietnam zikastawi katika jengo la maduka la Eden Center, mji jirani wa Falls Church. Hasara hiyo ni ya kweli, na mchango wa nyumba za bei nafuu haukuweza kuifuta. Hata hivyo, chanzo chake kikubwa hakikuwa maghorofa. Ili wenye nyumba waukubali mpango, waliahidiwa kwamba mitaa yao haitaguswa, hivyo mahitaji mengi ya makazi yakasongamana kwenye ukanda ule mwembamba huku sehemu kubwa ya kaunti ikibaki ya nyumba moja kwa kila kiwanja. Machi 2023 Bodi ya Kaunti iliruhusu hadi makazi sita kwenye viwanja vya aina hiyo, na baadhi ya wenye nyumba wakaupeleka uamuzi huo mahakamani.