Kuhe wa Mti: Namna ya Kumchagua

Anza kwa wauza samaki kabla hujafika kwa wachongaji. Anayetaka kununua mnyama wa ziwa aliyechongwa au kuchorwa hapa Uvira, kwanza asimame asubuhi pale mitumbwi inapoteremsha samaki, amtazame kuhe angali mbichi. Kuhe ni ndugu wa ngege, katika ukoo wenye aina zaidi ya 200 ndani ya Ziwa Tanganyika, nyingi hazipatikani kwingine, na Afrika nzima hakuna wa ukoo huo anayemzidi ukubwa. Mwangalie usoni: ana tundu moja tu la pua kila upande. Kisha fuata mstari wa ubavuni. Unaanzia juu, nyuma ya kichwa, unakatika, halafu unaendelea chini kidogo hadi mkiani. Sasa mgeukie mukeke, ambaye Kigoma wanamwita mgebuka: mwembamba, rangi ya fedha, pezi la mgongo limegawanyika mawili, na matundu ya pua ni mawili kila upande.

Ukitoka hapo, nenda kwa mchongaji umuulize: "Papa, huyu ni samaki gani?" Akikujibu, "Ni samaki tu, mama," mshukuru uendelee na safari. Samaki tu tunao wa kutosha: magamba ya kukwaruzwa msalabamsalaba, jicho la msumari, mdomo unaotabasamu. Fundi aliyemtazama kuhe atakuonyesha ule mstari uliokatika hata kabla hujauliza. Na wewe uliyeujua kwenye mti, kesho yake sokoni utautafuta kwenye samaki mwenyewe. Kwangu hiyo ndiyo kazi ya sanaa ya namna hii: kukurudisha kwa mnyama ukiwa na jicho kali zaidi.

Kiboko ndiye anayewaponza wengi. Macho, masikio na pua yake vyote viko juu ya kichwa, karibu usawa mmoja, ili azame mwili mzima na bado aone, asikie na apumue. Pitisha kipande cha karatasi ngumu kwenye kichwa cha kinyago, kutoka puani hadi sikioni. Macho yakiwa yamebaki chini kabisa ya karatasi, huyo ni ng'ombe aliyenenepeshwa. Hesabu vidole: vinne kila mguu. Akiwa amefumba mdomo, yale meno makubwa ya chini hayaonekani. Kwa mamba ni kinyume: hata akifumba, jino la nne la taya ya chini hubaki nje. Fundi anayewapa wote wawili mdomo wa aina moja hajakaa ufukweni.

Kuna jambo la tabia pia. Maji ya ziwa yalipopanda mwaka 2024 na kuingia mitaani, watu wa Uvira hawakuhitaji kuelezwa kiboko ni nani. Kinyago chake kikiwa kipole kama kichezeo cha mtoto, hata vidole vikitimia, mimi sikinunui. Shingo iwe na uzito, na macho yawe yanakuangalia.

Ila usiwe mtumwa wa kuhesabu. Mwaka 1946 huko Élisabethville, Lubumbashi ya leo, Pierre Romain-Desfossés alianzisha karakana ya wachoraji iliyoitwa Le Hangar. Bela Sara alichora kwa ncha za vidole; Mwenze Kibwanga kwa vistari vifupi; Pili Pili Mulongoy akajaza turubai ndege, samaki na nyoka, mara nyingi mmoja akimvizia mwenzake. Usahihi wa pezi haukumsumbua, lakini alijua nani anamla nani, na hilo nalo ni kutazama. Kwa hiyo mchoro wa mdiria mweusi na mweupe, ambaye dume lake lina mikanda miwili kifuani na jike mmoja, naupima kwanza kwa jinsi anavyoelea hewani juu ya maji kabla ya kupiga mbizi. Mikanda baadaye.

Kinyago cha jino halisi la kiboko kiache, hata kikiwa kizuri namna gani; kuna mnyama aliyelipa.

Mwisho ni mti wenyewe. Unuse: mti mbichi una harufu ya utomvu, na utapasuka ukikauka. Kitu cheusi kifute kwa kitambaa cheupe chenye maji, kwani dawa ya viatu huacha alama. Ukiambiwa ni mpingo, omba ndoo ya maji. Mpingo huzama. Ukielea, lipa bei ya mti wa kawaida.