Uso Usio Wake: Mchongo wa Kaburi la Elizabeth Barrett Browning

Katika Makaburi ya Waingereza mjini Florence, Italia, jeneza la marumaru limeinuliwa juu ya nguzo sita fupi. Lilibuniwa na msanii Frederic Leighton kwa ajili ya Elizabeth Barrett Browning, mshairi Mwingereza aliyefariki mjini humo mwaka 1861. Ubavuni mwake kumechongwa kichwa cha mwanamke kinachoonekana upande mmoja. Ni rahisi kukidhania kuwa sura ya marehemu, lakini sivyo: uso huo ni Ushairi uliopewa umbo la mtu. Maandishi nayo hayataji jina; yana herufi tatu tu, E.B.B., na mwaka wa kifo.

Uamuzi huo waweza kutetewa kwa hoja kwamba unamkweza mshairi hadi kumlinganisha na sanaa yenyewe. Hata hivyo, kazi zake zinaupinga utetezi huo. Katika *Aurora Leigh*, mhusika mkuu anajivika taji kwa mikono yake siku anapotimiza miaka 20, kisha anabishana na binamu yake Romney, asiyeamini kuwa mwanamke aweza kuwa mshairi wa kweli. Aurora anadai nafasi ya mtunzi; mchongo unamrudisha mtunzi kwenye nafasi ya kutazamwa.

Jeneza hilo hilo, hata hivyo, lina usomaji wa pili. Miongoni mwa nakshi zake mna vinubi, na kimojawapo kimeambatanishwa na pingu iliyovunjika. Pingu hiyo inaelekeza kwenye mashairi yake ya kupinga utumwa, hasa “The Runaway Slave at Pilgrim's Point” (1848), lililotungwa na binti wa ukoo uliotajirika kwa mashamba ya miwa ya Jamaika. Nafsineni ni mwanamke mtumwa asiye na jina, aliyemuua mwanawe kwa kuwa usoni mwa mtoto aliiona sura ya bwana. Katika shairi hilo uso si pambo, bali ni ushahidi wa dhuluma.

Kwa hiyo, pingu ndogo inamsoma mshairi kwa makini zaidi kuliko kichwa kikubwa. Uhakiki unaoanzia usoni, kama ule uliozoea kuanzia kwenye maradhi na ndoa yake, humwona mwanamke aliyependwa. Unaoanzia kwenye pingu humkuta mtunzi.